Kipande cha Ngozi Juu ya Bati

Bati lililia juu ya paa, kwa kificho, kama limekanyagwa na mtu asiyetaka kusikika. Bi Mashavu akaacha kushona kubadhi. Ni yule mchuuzi wa dawa, nani mwingine, amekuja kuharibu jaribio! Siku chache nyuma alileta dawa ya kuzuia ngozi isipauke juani, na Mashavu akagoma kuinunua bila kuijaribu. Kipande cha ngozi nyekundu kikapakwa dawa nusu, nusu kikaachwa kikavu, kikaanikwa juu ya paa. Wateja walikuwa wakirudisha makubadhi yaliyopauka; akidanganywa na hii dawa, duka basi tena.

Alipanda ngazi pekupeku, nyundo mkononi.

"Nimekukamata, laghai wewe!"

Aliyechutama pale alikuwa mumewe, Mbaruku, mpika rangi wa duka, akiipaka rangi mbichi ile nusu yenye dawa.

"Baba Salha! Amekuhonga nini huyo mtu?"

"Hajanihonga. Dawa imeshindwa tangu juzi," Mbaruku alisema bila kuinua uso. "Nilitaka ishinde. Ikishindwa, utasema rangi yangu ndiyo mbovu."

"Kwani si mbovu?"

Mbaruku alikiacha kile kipande. "Magome ya kupikia rangi yameadimika, mke wangu. Napikia unga wa rangi wa kununua."

Mashavu aliweka nyundo chini, akaketi kando yake juu ya bati la moto. Rangi ilikuwa ikichirizika vidoleni mwa mumewe.

"Kesho tunakwenda wote kutafuta magome, hata ng'ambo ya mto," alimwambia. "Na wateja nitawaambia ukweli mimi, kwa mdomo wangu, wallahi."