Hina ya Miguuni

Rabiata alinyoosha mikono juu ya leso, viganja vimelowa hina, akacheka. Ilikuwa siku ya mwisho ya likizo yake Nosy Be. Kesho angerudi Mahajanga kwa wanafunzi wake, na shangazi alisema haifai mtu kuondoka kisiwani bila kupambwa. Ndiyo maana boti iliwashusha wawili hao kwenye ufuo huu usio na nyumba wala njia, ikaenda zake.

Sasa shangazi akaupakata mguu wa Rabiata, akaanza kuchora.

Hina ilikuwa baridi, inanukia langilangi. Maua yakatambaa kutoka kidole gumba, yakapanda, yakakizunguka kifundo.

Kicheko kikamkauka Rabiata. Kwao msichana hupakwa viganjani tu. Miguu ni ya bibi harusi.

"Shangazi, nani anaolewa?"

"Tulia, mwanangu, utaharibu maua."

"Nani anaolewa?"

"Baba yako keshatoa neno. Ungeambiwa nyumbani ungetoroka. Hapa utatorokea wapi?"

Boti ikatokea nyuma ya mwamba, imejaa wanawake wa kijiji cha Marodoka wakipiga vigelegele. Mbele ameketi mwanamume mwenye kofia mpya, yule mgeni ambaye Rabiata alimwandalia chai juzi bila hata kumtazama usoni.

Rabiata akainuka, akaingia majini mpaka magotini, akasugua mguu kwa mguu kwa nguvu zake zote. Tope la hina likaondoka na wimbi.

Akainama kutazama. Maua yalikuwa yameshaanza kukolea.