Uji wa Zinki

Siku hizi mlango wa nyumba ya ndoa humpima mume homoni za kiume kabla ya kumfungulia. Zangu zilishuka tulipomzika binti yetu Zuhura. Nalala bwenini na waume wengine waliokataliwa, nanyanyua vyuma kila asubuhi, na mke wangu Mwanaidi hunitilia madini ya zinki kwenye uji ili zipande.

Leo mlango umenikatalia tena. "Madini humfaa aliyepungukiwa nayo," ulisema. "Wewe unayo ya kutosha."

"Basi nimepungukiwa nini?"

Mwanaidi akanipitishia bakuli la uji dirishani. "Kunywa, Baba Zuhura," alisema, asinitazame.

Nikanywa. Ile ladha ya zinki haikuwepo. Uji ulikuwa na sukari nyingi, kama alivyokuwa akimkorogea Zuhura.