Kikao cha Sita cha Suluhu

Alhamisi, saa tisa alasiri, nyundo ikaanza tena ghorofa ya tatu. Ko! Ko! Ko!

Ghorofa ya pili, Mama alichukua ufagio, akaigonga dari kwa mpini, kisha akaketi kuandika barua ya malalamiko. Ilikuwa ya sita. Akaikunja vizuri, akavuka ujia, akamkabidhi mwanawe.

Mwanawe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Aliipokea kama anayepokea kaa la moto.

"Mama, tena?"

"Unaniuliza mimi? Kamuulize huyo seremala wako. Siku moja dari itaniangukia, mje mnifukue."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kanuni. Katika jengo lile hakuna aliyeanika shuka kwenye ngazi, na hata njiwa wa paani walitua kwa adabu. Mlango wake na wa mama yake ilitazamana, na tangu baba yake afariki, hakuna mwanamume aliyebisha hodi kwa Mama asiulizwe jina, kazi na shida yake. Mfamasia mmoja mstaafu aliwahi kumletea gazeti. Alirudi nalo kwapani.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa kikao cha suluhu. Malalamiko yakifika Alhamisi, Jumamosi wagomvi wanaketishwa chumba cha mikutano, wawili tu, chupa ya chai katikati, mlango umefungwa kwa ufunguo saa nzima.

"Hakuna awezaye kununa saa nzima," alipenda kusema. "Mashavu yatamuuma."

Kwa miaka sita alikuwa amepatanisha kila mtu, hata mwenye mbwa na mwenye kinanda. Waliomshinda ni hawa wawili. Jumamosi tano walifungiwa, na Jumamosi zote tano Mama alitoka akifyonza, seremala akifuata nyuma anatazama viatu vyake.

Na uchaguzi wa mwenyekiti ndio huo, Jumamosi hiyo hiyo saa kumi. Mwalimu wa ghorofa ya chini, aliyekitamani kile kiti kama paka atamanivyo maziwa, alishapata la kusema.

"Mganga hajigangi, jamani! Yamemshinda ya mama yake, atayaweza ya jengo zima?"

Watu wakacheka mpaka kwenye ngazi. Mwenyekiti alikiona kiti kikimponyoka.

Akapanda kwa seremala, mzee mpole aliyeishi peke yake.

"Mzee wangu, wiki nzima kimya. Kwa nini Alhamisi tu ndiyo unatupasulia masikio?"

"Mbao hazina kalenda, mwanangu."

"Basi sikiliza. Msipopatana Jumamosi hii, kamati itakuhamisha kutoka jengo hili. Nimesema."

Mzee akabaki ameduwaa, msumari ungali mdomoni.

Jumamosi saa tisa Mama alifika kikaoni katika gauni lililonyooshwa kwa pasi, ananukia ujia mzima.

"Mama! Unajitia manukato kwenda kugombana?"

"Nikitukanwa, nitukanwe nikinukia. Fungua mlango, usinicheleweshe."

Mwenyekiti akaweka chai, akafunga, akasimama nje anatafuna kucha. Kwa muda mrefu hakusikia kitu. Kisha ikaja sauti ya Mama, ndogo, ya kukatika-katika, kama ya mtu aliaye. Moyo ukamchoma. Maskini Mama, alijisemea, huyu mzee atamtia presha.

Saa ilipotimia alizungusha ufunguo. Mama alikuwa ameshika karatasi ya mapatano, imeandikwa kwa mwandiko wake ule wa kulala.

"Tumepatana, mwanangu. Nyundo hutaisikia tena."

Mwenyekiti nusura aruke. Akaweka sahihi yake pale pale juu ya goti bila hata kuisoma, akagonga muhuri, akashuka ngazi mbili mbili hadi uani, ambako wakazi wote walikuwa wamekwisha kukaa na mwalimu anasafisha koo.

"Ndugu wakazi! Kabla hamjapiga kura, sikilizeni kazi ya mwenyekiti wenu!"

Akaikunjua karatasi mbele ya pua ya mwalimu, akasoma kwa sauti ya kuamsha mtaa:

"Moja. Nyundo haitapigwa tena ghorofa ya tatu."

Makofi! Mwenye mbwa akapiga na mluzi. Mwenyekiti akamtupia mwalimu jicho la pembeni, akaendelea.

"Mbili. Ghorofa ya tatu itabaki tupu, kwa kuwa seremala anahamia ghorofa ya pili, tukishafunga ndoa Ijumaa."

Mluzi wa mwenye mbwa ukakatikia njiani. Lakini mdomo wa mwenyekiti, uliozoea kusoma kila waraka hadi nukta ya mwisho, ulikuwa umekwisha kushika mwendo.

"Tatu. Tunamshukuru mwanetu kwa chai, na kwa kutulindia mlango Jumamosi zote sita."