Chungu Kimewashika Wawili

Kabla ya alfajiri kifuniko cha chungu kilijifunga, ta. Siku hizi vyungu havifunguki mpaka mwenye kisukari wa nyumba apimwe damu, achomwe insulini, na dawa ianze kazi.

Raya, mjukuu wa Bi Sauda, ndiye mwenye kisukari; alikuwa ameshachomwa insulini, lakini aliona haya. Jirani yao Mzee Kombo alikuwa amekuja kunywa uji, naye akawa anasubirishwa kwa ajili yake.

“Nipime na mimi, mjukuu wangu, tusubiri wote,” alisema Kombo, akanyoosha kidole.

“Kombo, chungu kikishaonja damu yako, hata cha kwako kitakusubirisha,” Bi Sauda alimwonya.

“Kinisubirishe. Nina haraka ya wapi?”

Raya akamchoma kidole kwa sindano mpya, akampima damu, wakacheka mpaka kifuniko kikafunguka.

“Raya na Kombo, karibuni,” kilisema chungu.

Hakuna aliyekitajia jina la Kombo. Bi Sauda alimpakulia Kombo kwanza, akajaza bakuli.

“Babu,” alisema Raya, “kesho uje tena.”