Chai ya Watoto

Posho za wajumbe zilikuwa zimezila fedha zote za kituo cha watoto wa vita. Mwenyekiti Kasanda alimwambia Bi Mwanjaa, mweka hazina, azitafutie jina zuri kwenye hesabu, naye akaandika: chai ya watoto. Wafadhili wangeridhika, na wajumbe walijua vyema chai hiyo ni ya nani.

Siku ya mkutano watoto waliketishwa mbele ili wageni wawaone. Bi Mwanjaa akasimama, akasoma bila kuinua macho: "Chai ya watoto, milioni nane."

Watoto wakatazamana. Mmoja akanyanyuka, kisha wote wakatoka mbio.

Mwenyekiti akacheka. "Watoto hawa nao! Endelea, mama."

Bi Mwanjaa hakuwahi kuendelea. Watoto walikuwa wamekwisha kurudi na vikombe vyao vya bati, wakapanga foleni mbele ya meza yake. Wa kwanza alikuwa Siwema, ambaye vita vilimwacha bila vidole. Alikuwa amekibana kikombe kwa viganja.

"Shikamoo, mama. Mimi usinijazie, wenzangu wasije wakakosa."

Bi Mwanjaa alikitazama kile kikombe. Kilikuwa kimeoshwa, bado kinachuruzika maji.