Mwalimu wa Darasa la Hasira

Zamani wanyama walipomaliza kila ugomvi kwa meno, Mhanga alichimba chumba ardhini akatangaza, "Mwenye uchungu aje tuzungumze."

Digidigi, aliyeogopa hata kivuli chake, aliingia kwanza, akatoka akiimba! Habari zikaenea. Mhanga akachimba chumba cha wafiwa, kisha cha vijana wa kujifunza ususi, na bado mlango ulijaa.

Nyegere, mkali kuliko wote, hakupendezwa, kwa kuwa mkewe alishinda huko. Siku moja alikuja mbio, kucha nje.

"Mtoe mke wangu, la sivyo nalifukia shimo na wote waliomo!"

Wanyama wakajibanza ukutani. Mhanga hakusogea. "Mkeo yumo darasa la hasira, bwana."

Nyegere akacheka. "Mpole yule? Ana hasira gani ya kutibiwa?"

"Hatibiwi. Anafundisha. Nani anaijua hasira kuliko aliyeishi nayo nyumba moja?"

Nyegere akachungulia ndani. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya Chui, Nyati na Kicheche, akisema kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia, nao wametulia tuli.

"Karibu, baba watoto," akamwambia bila kutetemeka. "Keti hapo nyuma ya Nyati."

Nyegere alitazama kucha zake, akazikunja, akaketi.

Msimu ule haukwisha kabla yeye na Mhanga hawajachimba chumba kingine, bega kwa bega, mchanga ukiruka kama mvua, maana foleni ilikuwa imefika mtoni!