Pete ya Aiah

Mzee Gborie alifungua kitambaa juu ya meza ya sonara, akaisukuma pete kwa ncha ya kidole kama anayeogopa kuungua. Tope lilikuwa bado limeganda kandokando ya punje ya almasi.

"Fundi Foday," alisema, "tumeivua kwenye kidole cha yule maiti aliyetolewa shimoni, ng'ambo ya mto. Uso haufai kutazamwa. Watu wanasema hii ni kazi ya mkono wako. Ni ya nani?"

Foday Kanteh hakuhitaji kuisafisha. Dhahabu ile aliiyeyusha mwenyewe, akaivuta, akaikunja, kisha akakikalisha juu yake kijiwe alichookota Aiah, kijana wa jirani, msimu wake wa kwanza wa kuchimba. Kilikuwa kijiwe ambacho hakuna tajiri wa Koidu angekigeukia, lakini hata wanunuzi wadogo waliokitaka Aiah aliwakatalia.

"Nifungie kwenye pete, baba," alisema siku ile, meno yote nje. "Na mimi nivae almasi. Kila siku tunawachimbia watu wa mbali, hata hatujui wanazivaaje."

Sasa Finda, mama yake Aiah, alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo. Macho yake yalifunikwa na ukungu zamani. Mtu kwake alikuwa kivuli tu. Mumewe alifukiwa na shimo. Wanawe wakubwa, Sahr na Tamba, vivyo hivyo. Tangu habari za maporomoko zifike, hakutia chochote kinywani. Shimo lile halikuwa na kibali, na waliopona walitawanyika kuwakimbia askari. Hakuna aliyejua hasa nani alikuwamo.

"Sitaki kuigusa," alisema Finda. "Niambie wewe, baba Lansana. Utakalosema nitaliamini."

Foday aliisogeza pete kwenye mwanga. Kwa ndani akaiona mistari yake miwili, alama anayoitia kwenye kila kazi yake. Akamkumbuka mwanawe Lansana, aliyepanda lori kwenda Freetown kujifunza udereva. Waliagana vibaya, kwa maneno makali, maana Foday aliapa kwamba mwanawe akishika sururu asikanyage tena nyumbani kwake. Lakini angalau wake alikuwa mbali na tope. Mwanamke huyu alikuwa amebakiwa na nini?

"Si kazi yangu," alisema.

Gborie alimkazia macho. "Una hakika?"

"Mzee, nisiijue kazi ya mkono wangu? Hii ya Waguinea. Wao ndio hufunga jiwe ovyoovyo hivi."

Finda aliketi chini palepale mlangoni. Alilia, na kilio kikageuka kicheko, na kicheko kikawa kilio tena. Jioni ile majirani walimsikia akitwanga kisamvu.

Pete iliuzwa ikanunua sanda, na maiti akazikwa kama mgeni asiye na kwao. Makaburini imamu aliuliza nani atasimama mahali pa mzazi wake. Watu wakatazamana. Kabla hajajua anachofanya, Foday alikuwa ameshavua viatu na kushuka kaburini. Alikwisha kumnyima Aiah jina lake. Atamnyima na baba pia? Akaupokea mwili mikononi, akaulaza kwa ubavu wa kulia, akauegemeza vizuri kwa udongo.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona.

Baada ya hapo kazi ilimshinda. Aliunguza dhahabu ya watu. Nyundo ilimkwepa. Kila Ijumaa Finda alipika wali wa Aiah, akaufunika, na usiku ukiingia akawapa watoto wa mtaa. Na kila asubuhi alipapasa njia mpaka kwenye karakana kumwombea Foday dua.

"Mungu akulindie wako kama ulivyonirudishia wangu."

"Amina," alijibu Foday. Mara nyingi aliazimia kumwambia. Akimwona anavyokuja, ameshika ukuta, anatabasamu, azma ilimtoka.

Mvua zilipokatika, asubuhi moja, vigelegele vililipuka upande wa pili wa ua. Foday alitoka na koleo mkononi. Watu walikuwa wamejaa kwa Finda. Katikati yao, juu ya mkeka, mifupa imemtoka, ndevu zimemjaa, aliketi Aiah, anakula kama mtu aliyefukuzwa na njaa njia nzima. Mama yake alikuwa akimpapasa uso, masikio, mabega.

Foday alipenya katikati ya watu. Akapiga magoti, akamshika yule kijana kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ulikuwa wapi wewe, mtu mbaya?"

"Guinea, baba. Mwenye shimo alitaka kunikamatisha kwa askari, nikavuka mpaka. Shimo halikuwa limeanguka bado. Habari nimezikuta njiani leo, wanasema aliyekufa ni mmoja tu, mgeni."

Foday alicheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu mwaka uanze. Alicheka mpaka machozi yakalowanisha ndevu. Uongo wake wote ulikuwa umegeuka ukweli! Finda alipogeuka kumwongezea mwanawe mchuzi, Foday alimwinamia Aiah sikioni.

"Na ile pete? Nani alikuibia?"

"Kuibiwa?" Aiah alilamba vidole, akatabasamu. "Kwani Lansana hajaileta? Yeye ndiye aliyeshika nafasi yangu shimoni, baba, ila anakuogopa, alinisihi nisikwambie. Nilimvisha mwenyewe kidoleni isije ikapotea, nikamwambia akipata nafasi amletee mama, ajue niko salama."